Kisu cha mzee ndani ya kabati: tusikitupe, tusikipeleke kwenye mashini

Tangu tuliposema hapa juu ya pasi za makala za zamani, vikundi vimetuuliza swali moja: na visu? Kumbe nyumba nyingi za Lubumbashi ziko na kisu cha kukunja cha zamani. Kimelala chini ya sanduku, ndani ya kopo la maziwa, au nyuma ya picha ya ndoa. Kilikuwa cha baba, au cha babu. Mwenyewe alikwenda, kisu kikabaki, kikashikwa na kutu.

Swali halikuja kwa njia moja. Mama mmoja alituambia vijana wake wamekiona kisu cha baba yao, na yeye anataka kukitupa chooni usiku kabla hakijaleta maneno. Wa pili alisema mnunuzi wa vyuma alimpa bei ya sabuni moja. Wa tatu ni mjane, na habari yake ndiyo iliyotufanya tuandike wiki hii. Tutafika kwake. Kwanza tukijue kisu chenyewe.

Visu vitano kati ya saba ambavyo wamama walituonyesha vilikuwa vya aina moja: mpini wa mti wa rangi ya kahawia, mrefu na uliopinda kidogo, nyota na mwezi za chuma zimegandishwa ndani ya mti, na mgongoni pete ndogo ya waya. Ukikifungua kinalia, ta-ta-ta-ta. Mnakijua. Ni Okapi.

Jina hilo ni la kwetu. Okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, mwenye milia miguuni kama punda milia lakini ni ndugu wa twiga, na porini hapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Watu wa msitu walimjua tangu zamani. Wazungu wa elimu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901, na habari zake zikaenea magazetini Ulaya kama ajabu kubwa. Mwaka uliofuata, 1902, kiwanda kimoja cha Solingen, mji wa Ujerumani wa mafundi wa visu, kilianza kutengeneza kisu cha bei ndogo cha kuuza katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika. Wakakiita Okapi. Yaani mnyama wetu aliazimwa jina lake, wala hakuulizwa.

Wajerumani walipoteza makoloni yao katika vita vya kwanza vya dunia, lakini kisu hakikurudi nao. Kiliendelea kuuzwa Afrika, na kikavuka bahari mpaka Jamaika, kwa sababu maskini aliweza kukinunua na kilikata vizuri. Mwaka 1988 kazi ya kukitengeneza ilianza Afrika Kusini, na mpaka leo kinatoka huko, jimbo la KwaZulu-Natal. Wekeni mwaka huo akilini, tutauhitaji.

Ni lazima tuseme pia jambo ambalo wamama wanaliogopa. Kwa sababu ni cha bei ndogo na kinaingia mfukoni, Okapi kilipata jina baya. Afrika Kusini na Jamaika watu walikiita kisu cha wahuni. Mama anayeona kijana wake anakichezea hana kosa akishtuka. Lakini mikononi mwa wazee wetu kisu hiki kilimenya miwa na maembe, kilikata kamba za mifuko ya makala, kilichonga mipini ya majembe. Mhuni hatuzai kisu, na kukitupa chooni hakumlei kijana.

Sasa tukisafishe. Tunaomba uvumilivu, maana hapa ndipo visu vingi vinakufa.

Chuma cha Okapi ni cha kaboni, si inoksi. Kinapata makali upesi, na kinapata kutu upesi vilevile. Ukimenyea embe usiku na kukiacha bila kukipangusa, asubuhi kimebadilika rangi. Jifunzeni kutofautisha rangi mbili. Ile nyeusi au kijivu, laini ukipitisha kidole, si uchafu. Ni ngozi ambayo chuma hujitengenezea kwa miaka ya kazi, na inakilinda. Iacheni. Ile nyekundu, inayotoa unga na kukwaruza kidole, ndiyo kutu, nayo inakula. Tunapigana na hiyo nyekundu peke yake. Watu wanaokusanya visu vya zamani huko Ulaya, Marekani na Afrika Kusini hawapendi kabisa kisu cha zamani kinachong'aa kama kijiko kipya. Wanajua kimekwanguliwa.

Msianze kwa kukifungua kwa nguvu. Kisu kilichogandamana kikifunguliwa kwa nguvu kinavunja resori, au kinafunguka ghafla na kukata. Pakeni petroli ya taa, ile ya kuwashia taa si esansi ya gari, penye kiungo na chini ya pete, na mkiache usiku mzima juu ya kitambaa mbali na mbabula. Tunarudia: mbali na mbabula, na mahali watoto wasipofika, maana mtoto akiona kichupa anakunywa. Asubuhi jaribuni polepole. Kikikataa, petroli tena, usiku mwingine. Kisu kimoja tulichokiona kilidai siku nne.

Kikifunguka, mtaona jinsi kinavyofanya kazi, na ni vizuri kukijua kabla ya kuweka vidole karibu. Kisigino cha bapa kiko na meno. Resori ya mgongoni inakamata jino baada ya jino, ndiyo maana kinalia. Kikiwa wazi hakijifungi. Kukifunga, unavuta pete juu, resori inaachia meno, kisha unakunja bapa kwa mkono wa pili, ukilishika kwa mgongo wake na si upande wa makali. Pete ikiwa imekatika, watu wengine wanainua resori kwa msumari au kwa meno ya kinywa! Hapana. Fundi wa baiskeli anaweza kupinda waya mpya dakika tano.

Kutu ya juu inatoka kwa jivu. Chungeni jivu la mbabula kwa kitambaa chembamba, libaki unga laini tu, lichanganyeni na matone ya mafuta mpaka liwe kama uji mzito, na msugue kwa kitambaa, kwenda upande mmoja kufuata urefu wa bapa. Msizungushe. Penye kutu ngumu, nyuzi za chuma zile nyembamba za kusugulia masufuria zinasaidia, zikiloweshwa petroli na bila kukandamiza. Kwenye meno na kiungo, burashi ya meno iliyochakaa na kijiti kilichochongwa. Mama mmoja alituuliza juu ya ndimu. Ndimu inatoa kutu kweli, lakini inakula na chuma chenyewe, na inakiachia madoa. Mkiitumia, iwe dakika chache tu, kisha osheni na kukausha hapo hapo. Sisi tunapenda jivu. Halina gharama na halina haraka.

Baada ya hapo, kausheni kabisa na kupaka mafuta. Mafuta gani? Si mawese, wala yale ya kupikia. Yanaganda, yananata, yanakusanya vumbi, na baada ya wiki tatu kiungo kinakwama tena. Dawa iko nyumbani mwa kila mama mshonaji: mafuta ya mashini ya kushona. Tone moja kwenye kiungo, tone moja chini ya resori, na kitambaa chenye mafuta kidogo juu ya bapa. Kisu kinachokata chakula mara kwa mara kioshwe na kukaushwa kabla ya kukitumia, maana mafuta ya mashini si ya kuliwa.

Neno moja juu ya kidonda, kwa sababu wamama wanatuuliza kila mara. Tetanosi haizaliwi na kutu. Kijidudu chake kinakaa udongoni na ndani ya mavi ya wanyama, na kinaingia kwa kidonda, hasa kile kilichozama ndani. Kisu kilichokaa sakafuni miaka ishirini kinaweza kukibeba. Ukijikata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, na uende kituo cha afya kuuliza juu ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.

Mpini msiuloweke majini. Mti utavimba, riveti zitalegea, nyota zitatoka. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukauke kivulini, basi. Na msiukwangue! Ile rangi iliyokolea kwa jasho la mkono hairudi, na juu ya mpini mara nyingi mwenyewe aliandika kitu. Angalieni vizuri, mahali penye mwanga wa pembeni, kabla ya kugusa lolote.

Sasa mashini. Sokoni kuna vijana wenye jiwe la kuzunguka, la umeme au la kukanyaga kwa mguu, na kwa franka kidogo wanakurudishia kisu kinachong'aa. Kwa panga na jembe, wanatusaidia sana. Kwa kisu cha mzee, hapana. Jiwe la umeme linachemsha chuma. Mkiona makali yamegeuka rangi ya bluu, chuma kimefika karibu digrii 300, na pale penye bluu ugumu wake umekwisha: utanoa leo, kesho kimelala. Tena jiwe linakula. Bapa lililokuwa pana linabaki kama mwiba. Na mwisho, jambo baya kuliko yote, kijana akitaka kukupendeza anapitisha jiwe kwenye kisigino cha bapa na kufuta maandishi.

Maandishi hayo ni madogo, yamepigwa kwenye chuma karibu na mpini, mara nyingi yamefunikwa na kutu. Yasomeni kwa jivu na subira. Jina la nchi lilianza kuwekwa juu ya bidhaa za Wajerumani kwa sababu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887, na neno Solingen limelindwa na sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938, kisu cha mji mwingine hakiruhusiwi kulibeba. Kwa hiyo Okapi chenye maandishi ya Ujerumani kilitoka upande wa zamani, na chenye maandishi ya Afrika Kusini kilitengenezwa mwaka 1988 au baadaye.

Hapa tunafika kwa mjane wetu.

Bwana wake alipokufa, familia ya bwana ilikuja siku ya tatu. Walichukua redio, baiskeli, viti, hata pazia. Kisu walikiacha, kwa sababu kilikuwa donge la kutu ndani ya kopo pamoja na misumari. Miaka miwili baadaye alikuja nacho kwenye kikundi, tukakisafisha pamoja naye, kidogo kidogo, kwa njia tuliyoieleza. Nyota na mwezi vilitokea. Siku iliyofuata shemeji yake alipita nyumbani, akakiona mezani, akasema: hiki ni changu, nilikinunua mimi sokoni kabla ndugu yangu hajafa, nilimwazima tu.

Mnajua mjane anajibu nini akiwa peke yake. Ananyamaza. Lakini kisu kilikuwa na ulimi wake. Kisigino cha bapa kilisomeka: Solingen, Germany. Visu vipya vinavyouzwa sokoni leo havisemi hivyo. Na upande wa pili wa mpini, chini ya uchafu ambao hatukuukwangua, palikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwa ncha ya msumari. Hazikuwa za shemeji. Hazikuwa za marehemu pia. Zilikuwa za baba yao.

Hiyo haikumaliza neno, maana shemeji naye ni mtoto wa yule baba. Ilibidi kumwendea mama mkwe. Ni mzee sana, macho yake hayaoni tena vizuri. Aliwekewa kisu mkononi, akatafuta pete kwa kidole gumba, akakifungua, akasikiliza. Akasema bwana wake alikuwa akiwamenyea watoto miwa kwa kisu hicho, na alimpa mtoto wake mkubwa, yaani marehemu, siku alipopata kazi ya kwanza mgodini. Shemeji alikuwapo akisikia. Hakubisha, na hakuomba msamaha. Hatuwezi kuwaambia kwamba wamepatana, maana hawajapatana. Kisu kiko kwa mjane, ndani ya kitambaa chenye mafuta.

Wamama, tuseme wazi jambo la sheria kwa sababu wengi hawalijui. Kode ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wa kike na wa kiume. Mjane yuko katika kundi la pili pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Ndugu hawatangulii watoto. Hiyo ni kwa nyumba na kwa parseli, na ni kwa baiskeli na kisu pia. Yule mama hakujua hivyo siku ya tatu. Baiskeli haijarudi.

Wengine watatuuliza: na feza? Wakusanyaji wa visu wapo, ndiyo, na wanaangalia maandishi yakisomeka, bapa likiwa pana kama lilivyotoka kiwandani, nyota zote zikiwapo, resori ikilia. Lakini Okapi kilitengenezwa kwa wingi kwa mtu wa kipato kidogo, na hakuna atakayenunua parseli kwa Okapi. Mtu akikuahidi mamia ya dolari, anataka kitu kingine kwako. Na yule mnunuzi wa vyuma anayetoa bei ya sabuni, mjibuni kwa heshima kwamba hakiuzwi kwa kilo.

Katika vile saba, kimoja kilikuwa Opinel cha Wafaransa, mpini wa mti wa mviringo na pete ya chuma inayozunguka shingoni. Kazi ya familia hiyo ilianza Savoie mwaka 1890, na pete ya kufungia ilikuja mwaka 1955, kwa hiyo Opinel kisicho na pete kinaweza kuwa cha zamani zaidi, au ni kidogo sana, kwa maana vile vidogo kabisa havina pete. Someni bapa: likiandikwa carbone, litunzeni kama Okapi, likiandikwa inox, kazi yenu ni nyepesi. Cha saba kilikuwa chekundu cha Waswisi, chenye msalaba, na mwenyewe alikuwa amekitunza vizuri kuliko sisi.

Kunoa, tumieni jiwe la mkono. Liloweshe maji, laza bapa juu yake, kisha inua mgongo wake kidogo tu, kimo cha franka mbili tatu za chuma za zamani zikipangwa. Sukuma kama unakata ngozi nyembamba ya jiwe, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, bila hasira. Makali yakishakata karatasi bila kuivuta, yatosha.

Na vijana? Kwetu sisi, mama asifiche kisu halafu asiseme neno. Akae na mtoto, wa kiume na wa kike, wakisafishe pamoja, amwambie kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani. Hakitoki nyumbani, hakiendi shuleni wala mfukoni jioni. Barabarani askari haulizi kama ni cha babu. Kinakaa mahali mama anapajua. Mama aliyetaka kukitupa chooni alikubali kujaribu hivyo mwezi mmoja. Kijana wake mkubwa sasa ndiye anayepaka mafuta, na tumesikia anagombana na wadogo zake wakikigusa na mikono ya bukari.

Fanyeni jambo moja zaidi. Chukueni kipande cha karatasi, mwandike jina la mwenye kisu, kazi yake, mahali alipoishi, aliyempa, na nani ashuhudie. Kikunjwe pamoja na kisu ndani ya kitambaa, si cha plastiki maana plastiki inatunza unyevu. Mama mkwe akiwa bado hai, muulizeni yeye kwanza, na muandike maneno yake kama alivyoyasema. Vikundi viwili vimetuomba tuwe na sanduku moja la visu vyote vya chama. Tumekataa. Kila kisu kikae nyumbani kwake, karatasi ya pili ya maandishi ndiyo ikae kwenye chama.

Jumamosi baada ya likelemba, wenye visu waje navyo, vimefungwa kitambaa, chini ya kikapu, si mkononi. Jivu tutalichunga sisi. Tunahitaji burashi za meno zilizochakaa, na mwenye jiwe laini la kunolea tunamwomba alilete, maana la kwetu limepasuka katikati.